Siku Niliyopanda Mlima wa Nzilo na Mama Mkwe

Mke wangu ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Kwa miaka sita ya ndoa, mama mkwe alipotaka kuniambia kitu alimwambia yeye, naye akaniambia mimi, hata kama sote watatu tulikuwa ndani ya chumba kimoja na nilikuwa nimeshasikia. Mama anauliza kama bukari, yaani ugali, inatosha. Nami nilijibu nikitazama ukuta: mwambie mama inatosha, namshukuru sana. Kwao, kando ya mto Lualaba kule kaskazini kupita Bukama, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, hamshiki hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na wanaiita haya ya bukwe. Mimi nilizaliwa Kolwezi, baba yangu akiwa fundi wa reli, na haya hiyo nilijifunza ukubwani, baada ya kuoa, kama mtu anavyojifunza kufunga tai.

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya dirisha la stoo ya vipuri vya malori na kuwapa mafundi boliti na beringi. Miaka mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, mvua ya kwanza ilipoosha vumbi hewani, nilitoka nje ya stoo nikaona upande wa kaskazini milima ambayo sikujua kama inaonekana kutoka pale. Jumapili iliyofuata nilikwenda, na tangu hapo sijaacha. Mimi si mpandaji wa kweli. Nina viatu vya mitumba vyenye soli nene, kofia, chupa mbili za maji, na magoti yanayolalamika. Majirani hawakuamini hata siku moja kwamba napanda bure. Katika mji huu, ambamo kule Kasulo watu wamechimba mpaka chini ya vitanda vyao, mtu anayezungukazunguka milimani anatafuta jiwe la madini, na anayekataa ndiye aliyelipata. Nikirudi jioni walitazama begi langu kabla ya kunitazama usoni.

Mama mkwe alikuwa amekuja baada ya mavuno kumwona mjukuu wake wa miaka minne. Jioni moja ya Oktoba, siku chache kabla ya kurudi kwao kupanda mahindi, mke wangu alikuja sebuleni kutoka jikoni, akasimama mlangoni.

"Mama anauliza kama Lualaba inapita kwa ile milima yako."

Nilisema mwambie mama ndiyo. Lualaba inatoka ziwa la Nzilo, pale kwenye bwawa la umeme, halafu inakata milima katikati kwa korongo refu, halafu inashuka kwenda kwao. Mke wangu akarudi jikoni. Nikasikia sauti ya mama mkwe chini chini kwa Kiluba, kwa muda mrefu, na mke wangu aliporudi mlangoni alikuwa ameshika kiuno.

"Mama anasema anataka kuona."

Akanieleza. Mama mkwe alikuwa amekunywa maji ya mto ule zaidi ya miaka sitini. Alifua ndani yake, alimzika mume wake kwenye ukingo wake. Tangu utotoni wazee walimwambia kwamba maji yao yanatoka ndani ya jiwe, na katika ukoo wote hakuna aliyewahi kwenda kuangalia. Sasa alikuwa amekaa miezi mitatu Kolwezi akitazama ukuta wa jirani, kumbe jiwe lenyewe liko safari ya saa mbili tu.

Sikulala vizuri kwa furaha. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kuniomba twende wote, hata mke wangu, aliyekuwa akisema milima haina duka. Safari hii yeye naye alilazimika kuja, maana bila yeye mama yake na mimi tungekuwa mabubu. Mtoto tulimwacha kwa dada yangu.

Jumamosi alfajiri tulipanda pikapu ya akina mama wanaokwenda kununua samaki ziwani. Dereva alikubali kutushusha chini ya mlima na kutuchukua saa kumi jioni pale pale barabarani, lakini alisema waziwazi kwamba samaki hawangojei mtu. Mke wangu alikaa katikati yetu. Jua lilipotoka nililiona pori lilivyo mwezi huo, na mpaka leo sijui kama kuna mwezi mzuri kuupita: mvua bado, nyasi zimeungua, lakini miti ya miombo imeshatoa majani machanga, mekundu kama shaba iliyotoka kusuguliwa. Mama mkwe alimwambia mke wangu jambo, naye akaniambia: mama anasema kwao majani haya yanaitwa macho ya mvua. Nilifurahi kama nimepewa zawadi.

Tulianza kupanda saa moja na nusu. Mlima ule hauna jina ninalolijua. Kutoka barabarani unaonekana mpole, mgongo mrefu wa miti, halafu juu kabisa kichwa cha mwamba kisicho na kitu. Nilikuwa nimeupanda mara mbili kwa njia ya nyuma, ya mzunguko. Nilitangulia na fimbo yangu, mke wangu akafuata, mama yake nyuma, amevaa vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine mabegani, na sandali za plastiki. Begi la viazi vitamu na karanga alikuwa amelibeba kichwani na alikataa kulitoa.

Masuku, matunda ya porini, yalikuwa yameiva. Kila baada ya hatua ishirini wale wawili walisimama kuokota, wakinyonya na kutema mbegu, na mimi mbele nilisikia kicheko chao bila kugeuka. Nilikuwa na raha mwilini ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilitaka kuwaonyesha kila kitu: nyayo za nguruwe pori, mawe yenye madoa ya kijani, upepo unaobadilika harufu ukifika urefu fulani. Nikawa nasema mwambie mama hivi, mwambie mama vile, mpaka mke wangu akasema amechoka kuwa simu.

Kufikia saa tatu tulikuta kambi ya wachoma makala, yaani makaa ya miti, mke na mume watu wazima, tanuri lao la udongo likitoa moshi mwembamba. Mume aliuliza kama tumeona jiwe. Nilisema hatutafuti jiwe. Alicheka, akamtazama mama mkwe, akauliza kama yeye ndiye mwenye dawa ya kulionyesha. Mama mkwe alijibu mwenyewe, akiita maji mayi kama watu wa huku.

"Tunaenda kuangaliya mayi."

"Mayi iko chini, mama. Kule juu ni upepo tu."

"Basi tutaangaliya upepo."

Tulikuwa tumeondoka pale kama hatua mia hivi wakati mke wangu alipokanyaga jiwe likageuka, na mguu ukageuka nalo. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akavua kiatu, na tukiwa tunatazama kifundo kikaanza kuvimba. Tulimshika mimi upande huu na mama yake upande ule, tukamrudisha kambini, na mke wa mchoma makala akamletea maji ya baridi na kitambaa.

Nilisema basi, tunangoja hapa mpaka saa kumi. Niliyasema kwa mdomo tu. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, amenipa mgongo, akitazama kile kichwa cha mwamba juu ya miti. Mke wangu alimtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Muende," akasema.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini tutaendaje wawili. Nani atasema?

"Mi sijue. Mutajua wenyewe. Anarudia kwao juma ingine, na hatarudi huku tena, ana miaka ngapi? Muende."

Basi tukaenda. Kwa nusu saa ya kwanza tulikuwa watu wa ajabu kabisa. Mimi mbele, yeye nyuma hatua kumi, hakuna neno. Nilipotaka kumwonya kuhusu tawi lenye miiba niliuambia mti: wewe, miiba yako mikali. Nyuma yangu nikamsikia naye akiiambia njia kwamba amesikia. Hivyo ndivyo tulivyoanza. Aliiambia fimbo yangu isikimbie. Mimi niliwaambia pimbi waliokuwa wakituchungulia kutoka kwenye mawe kwamba tumebakiza kidogo. Ghafla nilimsikia akicheka peke yake, nami nikacheka, kila mtu akitazama upande wake.

Halafu alinipita. Sijui alinipita lini. Nilisimama kupumua, nikainamia magoti, na nilipoinua kichwa kitenge chake cha bluu kilikuwa mbele yangu kwenye mawe. Alikuwa amevua sandali na kuzitia kwenye begi. Alipanda kama mtu anayekwenda shambani, bila haraka na bila kusimama. Mimi mwenye viatu vya soli nene nilikuwa nahema kama pampu.

Tulipofika chini ya kichwa cha mwamba nilifanya kosa la siku. Njia ya mzunguko ilikuwa upande wa kushoto, ndefu lakini salama. Mbele yetu, hata hivyo, palikuwa na ufa ulionyooka mpaka juu, labda mara tatu ya urefu wa nyumba, wenye mashiko mazuri, na mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani yake. Aliupanda kwa mikono na miguu, begi amelihamishia mgongoni, kitenge cha kiunoni amekikunja na kukichomeka, akatoweka ukingoni. Ningezunguka kushoto mwenyewe? Niliona haya. Nikaingia ufani.

Nusu ya kwanza ilikuwa tamu. Mwamba ulikuwa na joto, vidole vilishika vizuri, na nilikuwa nikijiambia kwamba sasa ndio napanda kweli. Halafu ufa ukawa mwembamba. Soli nene hazikuingia tena. Mguu wa kulia ulitafuta mahali, haukupata, ukateleza, na nikabaki kwenye ncha ya mguu wa kushoto na vidole vinane. Nilitazama chini. Miti myekundu ilikuwa mbali mno, na moshi wa makala ulikuwa uzi. Mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka wenyewe, kama wa fundi anayeendesha cherehani, na sikuweza kuuzuia. Sikuweza kupanda wala kushuka. Nilibandika shavu kwenye mwamba, nikafumba macho, na nikamfikiria mtoto wetu, kwamba yuko kwa dada yangu na hajui.

"Tata."

Sauti ilitoka juu, karibu sana. Tata kwao ni baba.

"Tata, fungula macho. Usiangaliye chini. Niangaliye mi."

Nilifungua macho lakini niliyaweka kwenye jiwe. Hata pale, nikiwa naning'inia, kitu ndani yangu kilikuwa kinaona haya. Mnaweza kucheka.

"Hapana jiwe," akasema. "Mi. Mu macho."

Nikamtazama. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, kichwa nje, labda mita mbili juu yangu. Baada ya miaka sita ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona uso wake. Ana kovu dogo kwenye nyusi. Meno ya mbele yana mwanya. Macho yake ni macho ya mke wangu, yale yale, yamekunjwa tu pembeni, na hayakuwa na hofu hata kidogo; yalikuwa yananitazama kama yanavyomtazama mtu aliyechelewa kuja mezani. Aliteremsha kitenge chake cha mabegani. Ncha nyingine, aliniambia, ameizungusha kwenye kisiki na kuifunga mara mbili.

"Kamata. Siyo mukono yangu unakamata, ni nguo. Sasa lete ule muguu wa kuume juu, pale kwa jiwe nyeupe. Usiangaliye, mi naangaliya kwa ajili yako. Juu. Ingine kidogo. Apo."

Alinipandisha hivyo, neno kwa neno, naye hakuyaondoa macho yake, wala mimi yangu. Kitenge kilikakamaa lakini hakikupasuka. Nilipofika ukingoni nilijitupa kifua mbele, nikabingirika, nikalala chali nikicheka bila kujua nacheka nini. Mikono yangu ilikuwa na damu na sikuhisi kitu. Mbingu ilikuwa kubwa mno. Nilisema asante, mama, asante, mara sijui ngapi. Nilipoinuka alikuwa ameshanipa mgongo, anafungua fundo kwenye kisiki, na akikiambia kisiki kwamba kimefanya kazi nzuri.

Kutoka pale kufika juu kabisa palikuwa na hatua hamsini za mwamba tambarare. Aliniachia nitangulie, nami nikakataa. Nikasimama pembeni nikaangalia majani mpaka apite. Akawa wa kwanza kufika juu.

Nikamsikia akisema neno moja kwa Kiluba. Halafu akakaa chini.

Upande wa kusini ziwa la Nzilo lilikuwa limetandaza mikono yake kati ya vilima, bwawa likiwa kama kipande cha chaki kilichosahaulika. Mbali zaidi, penye ukungu wa vumbi, palikuwa na vilima vyetu vya Kolwezi vya udongo wa mgodi, vyenye vichwa bapa. Na upande wa kaskazini, chini yetu kabisa, mlima ulikuwa umepasuka. Mto ulikuwa ndani ya ule mpasuko, unaingia gizani, unatoka na povu, unajificha tena, na mwishoni, mbali, unafunguka kwenye nchi ya chini na kung'aa.

Njaa ilitukumbusha chakula, na chakula kilitukumbusha bukwe. Tulikaa tumepeana migongo, hatua tatu kati yetu, begi la viazi katikati. Mimi nilitazama ziwa na mji, yeye alitazama kaskazini. Kila mmoja alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, na mara mbili viazi vilianguka. Nikasikia akianza kusema, safari hii bila kuuambia mti wala jiwe.

"Inatoka mu jiwe kweli. Bazee habakudanganya. Inapasula jiwe, inatoka, inaenda kwetu."

Nikamuuliza, nikiwa natazama ziwa, kama anaona mbali kiasi gani. Akanieleza yote. Kule mwisho mto unapinda kuume, pana kisiwa cha mchanga, ndege weupe wako juu yake. Nami nikamweleza yaliyo upande wangu: mitumbwi ya wavuvi, barabara, gari moja jeupe ambalo labda ni la samaki. Tulizungumza hivyo, labda saa nzima. Alinieleza jinsi mto ulivyofurika mwaka alipozaliwa mke wangu, na jinsi alivyojifungulia ndani ya mtumbwi. Mke wangu hakuwahi kuniambia habari hiyo. Niliposimuliwa nilitaka kugeuka, nikajizuia, na nadhani naye alijizuia.

Ngurumo ya kwanza ilitoka upande wangu. Wingu lilikuwa limeinuka nyuma ya ziwa, jeusi chini, na kwetu huku radi za Oktoba hazifanyi mchezo. Nilisema mama, tushuke, na hatukuwa na wakati wa kuheshimiana. Tulichukua njia ya mzunguko mbio, yeye na sandali mkononi, mimi nikiteleza kwa makalio, upepo ukigeuza majani mekundu yote upande mmoja. Matone makubwa yalitupata katikati ya miti. Harufu ya udongo ikapanda. Alikuwa anapiga vigelegele mvua ikimpiga usoni, na mimi, mkuu wa stoo, mtu wa miaka arobaini, nilikuwa napiga kelele naye.

Kambini mke wangu alikuwa amekaa chini ya turubai na mwenyeji wake, mguu umefungwa, wanakula mihogo ya kuchoma. Alitutazama tulivyoloa, tunavyozungumza kwa pamoja, mimi nikimwambia mama yake "si ndivyo, mama?" na mama yake akijibu "njo vile, tata." Muhogo ulibaki mkononi.

"Eh," akasema. "Na mi niko na kazi gani sasa?"

Mchoma makala na mimi tulimbeba mpaka barabarani kwa zamu. Pikapu ilichelewa, tope lilikuwa limeishika. Ndani ya harufu ya samaki mama mkwe aliwasimulia wale akina mama wote, na kila aliposimulia upya ufa wa mwamba ulizidi kurefuka. Nilikaa nyuma nikisikiliza na sikusahihisha kitu.

Nyumbani likazuka suala. Kwao, haya ya bukwe ikivunjwa lazima atolewe kuku. Lakini nani atoe? Mke wangu alisema mimi, kwa sababu nimetazama. Nilisema mwambie mama yeye ndiye aliyeamuru. Mama mkwe alijibu kutoka jikoni kwamba asiyeamriwa angeanguka, na aliyeanguka hatoi kuku. Walibishana kwa Kiluba mpaka machozi ya kicheko yakawatoka, na mwisho tulitoa kuku wawili, mmoja wangu na mmoja wake, tukawala Jumapili. Alikula jikoni, nami nikala sebuleni, kama zamani.

Jumatatu sikuweza kushuka ngazi za stoo ila kwa kinyumenyume. Mama mkwe alitwanga sombe, majani ya muhogo, tangu alfajiri kana kwamba alikuwa amelala juma zima. Kabla ya kusafiri alimpigia simu dada yake mkubwa kule kijijini, kwa sauti ya kufika bila mtandao. Alimwambia amepaona mahali mayi inapitia mu jiwe. Ni wazi kwamba dada yake hakuamini, kwa sababu alirudia mara tatu. Halafu alitoka nje, akaiweka simu juu ya kiti kilichokuwa mbele yangu, akasogea pembeni, akageukia ukuta na kungoja.

Nikaichukua. Nikamwamkia mama mkubwa, nikamwambia ni kweli, nilikuwa pamoja naye, na ndiye aliyetangulia kufika.